Vita au Uasi: Maana ya Uhalifu wa Kivita na Habari za Kilosa

Katika nchi iliyo baina ya Kilosa na Mikumi, chini ya milima ya Vidunda, mapigano ya mwaka 1905 hujulikana kwa jina la Vita vya Majimaji. Gavana von Götzen, aliyetawala wakati ule, alitoa kitabu juu ya habari hizo mwaka 1909, na katika anwani yake hakutia neno vita. Alitia Aufstand, yaani uasi. Tofauti hii si jambo la wanalugha peke yao. Katika sheria ya mataifa ya siku zile, jina la kwanza lingaliweza kumpa hifadhi mtu aliyechomewa ghala lake, na la pili lilimnyima.

Kanuni za Hague za mwaka 1899, ambazo Ujerumani ilizikubali, zilikataza kumwua adui aliyeweka silaha chini, kutangaza kwamba hataachwa mtu hai, kuteka nyara, kuwaadhibu watu wote kwa tendo la wachache, na kuharibu mali ya adui pasipo kulazimishwa na haja ya vita. Lakini mkataba ule uliwafunga wenyewe kwa wenyewe waliotia sahihi, nao walikuwa dola. Wavidunda na Wasagara hawakuhesabiwa kuwa dola. Walihesabiwa kuwa raia wa Kaisari, kwa nguvu ya makaratasi kama yale aliyoyapata Carl Peters huko Usagara mwaka 1884. Basi Majimaji ilipoenea, majeshi ya Wadachi yalichoma vijiji na mazao katika nchi zilizoinuka, na njaa ikafanywa silaha. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000.

Yafaa kulinganisha na Agosti 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia Kilosa. Hapo hapakuwa na aliyebisha kwamba vile ni vita. Nchi ilikuwa ile ile na wenyeji wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa dola ilipigana na dola. (Hata hivyo wapagazi waliokufa kwa maelfu hawakupata faida kubwa kwa jina hilo. Kumbukumbu yao katika lugha ni Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.)

Ufa huo ulizibwa polepole. Hati ya Nuremberg ya mwaka 1945 ilitaja miongoni mwa makosa ya vita uharibifu wa vijiji usiolazimishwa na haja ya kijeshi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, katika kifungu cha tatu kilicho sawa katika yote minne, ilifikia hata mapigano yasiyo ya dola kwa dola. Nyongeza zake mbili za mwaka 1977 zilikataza kuwanyima raia chakula ili kuwashinda. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, uliyakusanya makosa haya katika kifungu cha nane. Sharti pawe na mapigano ya silaha. Tendo liwe na uhusiano nayo. Aliyetendewa, au kitu kilichoharibiwa, kiwe chini ya hifadhi ya sheria. Na mtenda awe anajua kwamba mapigano yapo.

Hapo ndipo Kiswahili huingia katika taabu yenye faida. Uhalifu watoka katika asili ya Kiarabu yenye maana ya kwenda kinyume, na kuhalifu ni kuvunja amri. Kwa hiyo neno lenyewe huuliza ni amri gani iliyokuwapo. Uhalifu wa vita waweza kufahamika kuwa vita vyenyewe ndivyo kosa, ilhali hilo ni kosa jingine, la uchokozi, nalo hupimwa kwa sheria yake. Uhalifu wa kivita ndio uliozoeleka, ingawa ki- hiyo yaonyesha namna, kama katika meli ya kivita, wala haionyeshi wakati wala mahali. Uhalifu wa vitani ungekaribia zaidi, lakini nao una kasoro: mtu aliyemwua jirani yake kwa ugomvi wa shamba, hali mizinga inalia, ametenda vitani, na pengine hana kosa la kivita hata kidogo. Jambo hili la uhusiano lilishughulikiwa sana na Mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha. Ni katika rufani ya Georges Rutaganda, mwaka 2003, ndipo mahakama ile ilipomtia mtu hatiani kwa mara ya kwanza kwa kosa la kivita. Kabla ya hapo hukumu zake zilisimama juu ya mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya ubinadamu. Kati ya maneno hayo matatu, kivita ndilo la kushikwa, kwa kuwa limeenea na halidai zaidi ya linavyoweza; lakini kila tafsiri ya sheria haina budi kueleza uhusiano huo waziwazi, maana kiambishi hakitaueleza.

Mahakama ya Roma haiwezi kuhukumu tendo lililotangulia tarehe 1 Julai 2002. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Msamaha si neno la mkataba wowote kati ya hiyo iliyotajwa, na kuuomba hakuzai deni la kisheria.