Kumtenga Mlevi na Chungu: Faida ya Matibabu ya Kulazwa

Katika nchi ya Wabukusu, magharibi mwa Kenya, kuanzia Bungoma mjini hata mabonde ya mahindi yaizungukayo Kitale, pombe ina historia ndefu, kwani tangu zama za mababu wazee walizoea kukizunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakizungumza habari za mahari, mirathi na sulhu. Na chungu hicho kilikuwa na adabu zake, hata kijana asiye na makamo hakukikaribia ila kwa idhini. Msiba wa leo ni wa namna nyingine. Sasa mtu huamka alfajiri, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki, akaenda kwa mama pima, yaani mwanamke auzaye pombe, kunywa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ili mikono itulie, kisha akashinda huko hata jua likachwa. Sheria ya mwaka 2010 iliihalalisha chang'aa kwa kusudi kwamba itengenezwe kwa leseni na kutiwa katika chupa, lakini ile ya kupikwa kwa siri ingali inauzwa. Na uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2022 na NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba eneo la Magharibi ndilo lililotangulia maeneo yote ya Kenya kwa unywaji wa pombe.

Jamaa waliokwisha kuchoka aghalabu humfungia mgonjwa wao chumbani, wakidhani kwamba wiki moja ya kukosa pombe itamrudishia akili. Nia yao ni njema, lakini hatari yake ni kubwa. Ubongo uliotulizwa na pombe miaka mingi, ukinyimwa ghafla, hutaharuki: katika saa chache za kwanza mwili hutetemeka na kutoka jasho, ndani ya siku mbili mgonjwa aweza kushikwa na kifafa, na kufikia siku ya pili au ya tatu huenda akaweweseka, akapandwa na homa na kuona yasiyokuwapo, hali ambayo isipotibiwa yaweza kumwua. Hapo ndipo faida ya kwanza ya kulazwa katika kituo cha tiba inapodhihiri, kwa maana tabibu humpa dawa za kutuliza ambazo hupunguzwa kidogo kidogo, humpa vitamini B1 ambayo mlevi asiyekula huikosa, na muuguzi humwangalia usiku kucha.

Faida ya pili ni muda na mahali. Mwili huenda ukatakasika kwa siku chache, lakini ada iliyojengeka kwa miaka haing'oki kwa siku chache. Na mtu akirudi mapema kijijini, njia ya sokoni ni ile ile ipitayo mlangoni kwa mama pima, marafiki ni wale wale, na fedha za mavuno zimo mfukoni. Kwa sababu hiyo vituo vingi vya Kenya humkalisha mgonjwa yapata siku 90, akijifunza tena mambo yaonekanayo madogo: kuamka kwa saa yake, kutandika kitanda, kula kwa wakati, kulima bustani, na kuketi na mshauri kulitafuta jambo lililomsukuma kunywa, liwe ni huzuni, ukosefu wa kazi au ugomvi wa ndoa.

Ya tatu ni suhuba ya wenye dhiki moja. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wawili, waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenziwe kuliko amsikilizavyo mhubiri, na katika mazungumzo yao ndipo ulipozaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous, ambao hatua zake 12 hufuatwa katika vituo vingi. Huku Afrika Mashariki, nyumba za kuacha dawa za kulevya za Unguja zimejengwa juu ya msingi huo huo, nazo aghalabu husimamiwa na watu ambao wenyewe waliachana na heroini.

Si kila anywaye ahitaji kulazwa. Wengine huponea kliniki huku wakilala kwao. Tena kulazwa si dhamana, kwa kuwa watafiti wa Marekani hukadiria kwamba kati ya wenye uraibu 100, 40 hadi 60 huurudia, kama wenye shinikizo la damu wanaozidiwa tena waachapo dawa; na arudiaye ahitaji tiba zaidi, wala hastahili kutukanwa. Basi wenye mgonjwa na waulize kama kituo kina idhini ya NACADA, kama yupo tabibu na mshauri, na gharama ni kiasi gani. Na wakiona minyororo au viboko, wamchukue mtu wao waondoke. Nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo kwa kutaka shauri.

Amma kabla siku 90 hazijatimia, jamaa na wakutane na mshauri waamue atakapolala, kazi atakayoshika, atakayefuatana naye kwenye vikao, na atakayekaa naye msimu wa mavuno fedha zitakapoingia. Kwani kituo humpa mgonjwa nguvu za kuanza, lakini miaka inayofuata ataiishi nyumbani, na nyumba isiyojiandaa yaweza kuibomoa kazi yote.