Utafiti ulioonekana hauna faida ulivyozaa vipimo vya hospitalini

MGONJWA wa saratani anayefanyiwa skani ya PET huingizwa katika mtambo wenye umbo la pete, akiwa tayari amedungwa sukari iliyotiwa kiasi kidogo cha mionzi. Huambiwa alale bila kutikisika, na baada ya muda picha humwonyesha daktari mahali ambapo uvimbe umejificha mwilini.

Ni wachache wanaofahamu kwamba kipimo hicho kilianza kama fumbo la hesabu.

Mnamo 1928 Paul Dirac, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliandika mlinganyo wa kueleza mwenendo wa elektroni, ile chembe ndogo yenye chaji hasi inayopatikana katika kila atomu. Nia yake ilikuwa kuoanisha nadharia mbili zilizotikisa fizikia ya karne hiyo: ile ya kwanta na ile ya Albert Einstein kuhusu mwendo na wakati. Hakuwa na mgonjwa yeyote akilini.

Mlinganyo huo ulitoa majibu ya aina mbili. Aina ya kwanza ilieleza elektroni iliyojulikana. Ya pili ilikuwa na nishati hasi, jambo lililoonekana halina maana. Mwanafunzi wa shule angeyafuta majibu hayo na kuendelea na swali linalofuata. Dirac hakuyafuta, na mwaka wa 1931 alitamka kwamba huenda kuna chembe iliyo pacha wa elektroni, yenye uzani ule ule lakini chaji chanya.

Mwaka uliofuata, Carl Anderson wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani, aliona mkondo wa chembe ya namna hiyo katika picha za miale itokayo anga za mbali. Chembe hiyo ikaitwa positroni.

Positroni haidumu inapokutana na elektroni. Zote mbili hutoweka, na badala yake huzuka miale miwili ya gama inayokimbia kuelekea pande mbili zilizo kinyume. Hapo ndipo penye siri ya skani ya PET. Sukari anayodungwa mgonjwa huwa imefungiwa florini-18, ambayo hutoa positroni. Kwa kuwa seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa kuliko seli za kawaida, miale hutoka kwa wingi pale zilipo. Mtambo huinasa miwili miwili na kuchora mstari kati ya sehemu ilizogonga. Mistari mingi inapokutana ndipo panapotiliwa shaka.

Sukari ya aina hiyo ilitumiwa kwa mara ya kwanza kupiga picha za mwili wa binadamu mwaka wa 1976 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, yaani miaka 48 baada ya mlinganyo wa Dirac. Ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, ikasafirishwa upesi kwa ndege hadi Philadelphia. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, na hivyo haiwezi kuwekwa ghalani kama tembe za malaria. Hospitali inayotaka kutoa huduma hiyo lazima iwe na mtambo wa kuitengeneza, uitwao saiklotroni, au iwe karibu na penye mtambo huo. Hii ni sababu mojawapo ya kipimo hicho kuwa ghali, na kwa miaka mingi Wakenya waliokihitaji walilazimika kusafiri ng'ambo, hasa India, kabla hakijaanza kupatikana Nairobi.

Wakati fumbo la Dirac lilipokuwa likielekea hospitalini, kisa kingine cha aina hiyo kilikuwa kikianza katika maji moto. Hiki hakina hesabu nyingi. Mhusika wake ni bakteria.

Mwaka wa 1966 Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana, akishirikiana na mwanafunzi wake Hudson Freeze, alichukua sampuli kutoka chemchemi za mbuga ya Yellowstone nchini Marekani. Humo walimpata bakteria anayestawi katika joto la nyuzi 70 za Selsiasi, joto la kumbabua mtu ngozi. Walimpa jina Thermus aquaticus na kuchapisha taarifa zake mwaka wa 1969. Brock alichotaka kujua ni kimoja tu: uhai unaweza kustahimili joto kiasi gani?

Jambo alilofanya baadaye halikuvutia macho ya wengi, lakini ndilo lenye uzito. Alipeleka sampuli hai katika benki ya vijidudu ya ATCC, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1925.

Benki za namna hii huhifadhi bakteria, kuvu na virusi kama vile benki ya mbegu inavyohifadhi mahindi na mtama. Vijidudu hukaushwa kwa baridi na kuzibwa ndani ya vichupa vya kioo visivyo na hewa, au hugandishwa katika nitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Kila kichupa huwa na kumbukumbu zake: kilichomo kilitolewa wapi, lini na nani. Mtafiti anayekihitaji hulipa ada na kutumiwa sampuli.

Mnamo 1983 Kary Mullis, mwanakemia wa kampuni ya Cetus huko California, alibuni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, ambayo sasa inajulikana kama PCR. DNA hupashwa joto la takriban nyuzi 95 ili nyuzi zake mbili ziachane, kisha kimeng'enya hujenga nakala. Tatizo ni kwamba joto hilo lilikiharibu kimeng'enya kilichotumiwa mwanzoni, hivyo kingine kililazimika kuongezwa kila mzunguko.

Dawa ilikuwa imekaa kichupani miaka yote hiyo. Cetus ilimwagiza bakteria wa Brock kutoka ATCC kwa ada ya dola 35, kwa mujibu wa maelezo yanayonukuliwa mara nyingi. Kimeng'enya chake hakiharibiwi upesi na joto, na kwa mizunguko 30 kipande kimoja cha DNA kinaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni moja.

Mullis alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993. Miaka miwili kabla ya hapo, haki za PCR zilikuwa zimeuzwa kwa kampuni ya Roche kwa dola milioni 300. Mbuga ya Yellowstone haikuambulia hata senti.

Nchini Kenya, PCR ndiyo hutumiwa kubaini iwapo mtoto mchanga wa mama aliye na virusi vya HIV ameambukizwa, kwa sababu kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto kwa miezi mingi na kuvuruga vipimo vya kawaida. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu huitumia pia. Mwaka wa 2020 watu waliojifunza jina lake walikuwa wengi kuliko wakati mwingine wowote, walipokuwa wakisubiri majibu ya corona.

Suala la nani anufaike linawagusa Wakenya kwa karibu, kwani nchi hii ina maji moto yake. Mapema katika miaka ya 1990, watafiti kutoka Uingereza walikusanya vijidudu katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Ziwa Bogoria, ambalo chemchemi zake hutokota ufuoni. Vimeng'enya vilivyotokana na kazi hiyo viliingia katika biashara ya sabuni za kufulia na ya kufifisha rangi ya suruali za jinzi.

Mwaka wa 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza kwamba lingedai sehemu ya faida kutoka kwa kampuni ya Marekani ya Genencor. Kampuni hiyo ilishikilia kuwa sampuli zilipatikana kihalali. Ajabu ni kwamba maandishi ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Bayoanuwai, unaotambua haki ya nchi juu ya viumbe wake, yalipitishwa jijini Nairobi mnamo Mei 1992, lakini mkataba wenyewe ukaanza kutekelezwa Desemba 1993.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Mwaka wa 2007 KWS ilitia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafiti wa vijidudu katika maeneo yaliyohifadhiwa na ugavi wa manufaa yake. Itifaki ya Nagoya, inayotaka idhini na makubaliano kabla ya sampuli kuchukuliwa, ilianza kutekelezwa mwaka wa 2014.

Katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Bogoria yamepanda na kufunika baadhi ya chemchemi za ufuoni. Bakteria mmoja aliyetolewa katika udongo wa magadi wa ziwa hilo alielezwa kisayansi mwaka wa 1997 na kupewa jina Bogoriella. Kichupa chake kimo katika benki ya vijidudu ya DSMZ, mjini Braunschweig, Ujerumani.