Shilingi 80 za Uongo

Wapwa zangu, sogeeni. Na huyo mwenye bibo mkononi alimalizie nje kwanza, maana maji yake hayatoki kwenye nguo, sembuse kwenye kompyuta ya mkopo. Leo nawasimulia aibu yangu mwenyewe.

Mnajua hapa Newala msimu wa korosho ukiingia hakuna mazungumzo mengine. Kuanzia Oktoba magunia yanakwenda chama cha msingi, yanapimwa, yanapelekwa ghala kuu, halafu unasubiriwa mnada. Ndiyo stakabadhi ghalani, iliyoanza kwenye korosho za Mtwara mwaka 2007. Sisi na Tandahimba tunauza kupitia chama kikuu cha ushirika, TANECU; wenzetu wa Masasi, kule chini kwenye vilima vya mawe, wako MAMCU. Siku ya mnada mnunuzi mmoja huchukua tani nyingi kwa bei yake, mwingine tani chache kwa bei nyingine. Sasa mkulima mwenye magunia matatu alipwe bei ya nani? Hapo ndipo unapoingia wastani, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Miaka kadhaa iliyopita karani wa chama kimoja cha msingi aliniomba nimtengenezee programu ndogo: yeye aingize bei za mnada, wastani utoke wenyewe, uonekane kwenye ukurasa ambao mkulima anaufungua kwa simu. Nikasema kazi ya jioni moja hiyo. Nikatafuta kipande cha msimbo kilichokwisha kuandikwa na mtu mwingine, nikakinakili, nikakibandika. (Vijana wa mjini msimbo wanauita kodi. Mimi neno hilo silitumii huku. Mkulima wa korosho akisikia kodi anashika mfuko.)

Msione kunakili ni wizi. Waandishi wa programu duniani kote wanaishi kwa vipande vya namna hiyo: mistari miwili ya kupanga majina kwa alfabeti, mitatu ya kusoma tarehe, kumi ya kutengeneza kitufe cha tovuti. Hakuna anayechonga mpini upya kila akitaka kulima. Changu kilikuwa hiki, kwa lugha ya Python:

bei = [3000, 3240]
wastani = sum(bei) / len(bei)
print(wastani)

Python kwa Kiswahili ni chatu, ila aliyeitunga lugha hiyo, Mholanzi Guido van Rossum, hakuwa na nyoka kichwani. Aliipa jina la kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, akaitoa mwaka 1991. Maneno kama bei na wastani unayachagua wewe; ungependa kuandika kwa Kimakonde, andika. Ila sum ni amri ya kujumlisha, len inahesabu vipo vingapi, print inaonyesha jibu. Basi 3000 na 3240 ni 6240, gawa kwa mbili, 3120. Nikampa karani, jibu likatokea kwenye ukurasa, akaliandika na kwa chaki kwenye ubao wa matangazo: shilingi 3,120 kwa kilo.

Fedha zilipotoka, watu wakalipwa 3,040.

Mpwa wangu mkubwa, wewe uko kidato cha pili, piga hesabu. Mwenye kilo 250 amepungukiwa elfu ishirini. Watu walijaa pale ofisini. Mzee mmoja akasema bora angewauzia kangomba, wale wa kununua kwa bakuli gizani. Angalau kangomba anamwibia mtu mbele ya macho yake. Karani ananitazama, mimi natazama ubao. Ningeweza kuteremka bonde letu la Shimo la Mungu nikatokezea Msumbiji, ningeteremka.

Na hakuna aliyeiba. Mnunuzi wa 3,000 alichukua tani 100. Wa 3,240 alichukua tani 20 tu. Msimbo wangu uliwahesabu sawa, kama watu wawili waliobeba mizigo sawa. Kukosea hesabu haukukosea, wapwa zangu: ulipewa bei mbili, ukazigawa kwa mbili. Tani hakuna aliyeuambia. Aliyekiandika kile kipande pengine alikuwa mwalimu anayetafuta wastani wa alama za wanafunzi, na mwanafunzi ni mmoja mmoja, hana tani.

Usiku ule nikaandika upya:

tani = [100, 20]
bei = [3000, 3240]
fedha = 0
for t, b in zip(tani, bei):
    fedha = fedha + t * b
print(fedha / sum(tani))

Tazameni hiyo zip. Ni zipu ileile ya sweta: jino la kwanza la kushoto linashikana na la kwanza la kulia, la pili na la pili. Tani 100 zinashikana na 3000, tani 20 na 3240. Kila jozi inazidishwa, inaingia kwenye fedha, mwisho unagawa kwa tani zote 120. Jibu: 3040.0. Zile shilingi 80 za juu hazikuwahi kuwepo duniani. Nilizizua mimi, kwa mistari mitatu niliyoichukua bila kuiuliza kitu.

Juzi mpwa wangu mkubwa akaongeza mnunuzi wa tatu kwenye bei, akasahau kumwongezea tani. Programu ikajibu 3040.0 vilevile, bila hata kukohoa. Zipu hiyo upande mmoja ukiisha inafunga pale pale, jino lililobaki inaliacha linaning'inia. Tangu toleo la Python 3.10, la mwaka 2021, unaweza kuandika zip(tani, bei, strict=True), na pande zisipolingana inagoma. Afadhali programu inayogoma, mimi nimeonja ile inayonyamaza.

Mdogo mtu yeye hataki habari za korosho, anataka kompyuta inayoona. Nikamweleza Nuru, programu ya simu ya PlantVillage, ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo, IITA. Unaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kwa Kiswahili kama ni batobato au michirizi ya kahawia, hata pasipo mtandao. Hakuna aliyekaa akaiandikia jani la batobato likoje. Ilionyeshwa picha za majani mengi, nyingi za mwanzo zikiwa za mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, kila picha na jina lake, mpaka ikazoea.

Akasema naye anaweza. Akachuma majani 20 kwenye muhogo wa nyuma ya nyumba, tukayapanga barazani: 18 mazima, mawili yamejikunja yana mabaka ya njano. Akakaa na kompyuta dakika chache, akaniita kwa fahari.

"Njomba, yangu imepata asilimia 90!"

Nikasoma alichoandika:

def tambua(jani):
    return "zima"

Yaani ukiipa jani lolote, inajibu zima. Wala haitazami. Na kweli, katika majani 20 imepatia 18.

"Haya," nikamwambia, "na yale mawili ya batobato imeyapata mangapi?"

Akayatazama majani, akaitazama kompyuta.

"Hata moja, njomba."