Kabla Klabu ya Roboti Haijanunua Mashine ya Kuchomelea

Mlezi wa klabu ya roboti katika sekondari moja ya hapa Dar es Salaam alinionyesha mashine aliyoinunua kwa michango ya wazazi. Ubavuni imeandikwa TIG 200. Dukani alihakikishiwa kwamba inachomelea chuma na alumini, naye alikuwa na fremu ya alumini ikimsubiri. Tulipofungua kitabu cha maelezo tukakuta inatoa umeme wa DC peke yake. Alumini ina utando wa oksidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, wakati alumini yenyewe iliyo chini ya utando huyeyuka kwenye nyuzi 660. Katika TIG ya kawaida, kinachouvunja utando huo ni umeme wa AC. Mashine zenye AC na DC zipo, ila bei yake iko mbali sana na ile. Michango ikawa imekwisha, fremu ikabaki mezani.

Naandika ili mlezi mwingine asianzie dukani. Aanze kwa kujiuliza: wanafunzi watachomelea nini hasa?

Si roboti yenyewe. Vifaa vya FIRST Global Challenge, mashindano yanayokusanya timu za mataifa tangu 2017, huungwa kwa skrubu na nati. Hata Marekani, ambako wanafunzi wa sekondari huunda roboti za zaidi ya kilo 50 kwa ajili ya FIRST Robotics Competition, timu nyingi hufunga fremu za alumini kwa ribiti na vibati vya kona. Wana sababu nzuri. Alumini ya 6061-T6, inayopendwa kwa fremu, imepata ugumu wake kwa kupashwa joto kiwandani, na moto wa kuchomelea huufuta ugumu huo pembeni mwa mshono. Sehemu hiyo hupoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu yake. Ribiti haina hasara hiyo, na ikikosewa hutobolewa kwa drili ikawekwa nyingine. Kwa hiyo hata mwenye fedha za mashine ya AC namshauri anunue koleo la ribiti, na kipande kimoja au viwili visivyokwepeka awapelekee mafundi wenye TIG.

Kinachobaki ni kingi, na chote ni chuma cha kawaida: toroli ya kubebea roboti, meza ya kazi, stendi ya betri, fremu za uwanja wa mazoezi. Hapo ndipo mwanafunzi ajifunze, na hapo mashine ya vijiti inatosha.

Mashine za vijiti ziko za aina mbili. Ile ya trafo, ambayo mafundi wetu huisuka wenyewe kwa waya wa shaba, haina cha kuharibika kirahisi na hutengenezeka mtaani. Lakini ni nzito, na nyingi nilizoziona zina vichwa vya nyaya vilivyo wazi. Sitaki mtoto wa kidato cha pili aguse hicho. Aina ya pili, inveta, haifiki kilo kumi kwa kawaida, huwasha kijiti kwa urahisi, na mwanafunzi hupata mshono unaoeleweka mapema. Nachagua inveta. Tahadhari iko kwenye ampea zilizoandikwa kwa herufi kubwa: usizisome hizo, soma kibati cha nyuma. Kikisema asilimia 60 kwenye ampea 120, maana yake katika kila dakika 10 utachomelea 6 na kuipumzisha 4. Mashine isiyo na kibati hicho usiinunue.

Mashine ya waya, yaani MIG, ndiyo rahisi kuliko zote kujifunza, na sikatai uzuri wake. Ila gesi inaingia kwenye hesabu. Mtungi wa mita za ujazo 10, ukitumia lita 10 kwa dakika, utatoa dakika 1,000 za moto, chini ya saa 17. Juu yake kuna amana ya mtungi, regyuleta, na usafiri wa kwenda kuujaza. Tena warsha za shule zetu mara nyingi ni banda la wazi, na upepo huipeperusha gesi mshono ukajaa vitundu. Kuna waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi. Huo ni wa kufikiriwa mwaka wa pili.

Sasa tupige hesabu ya vijiti. Pakiti ya kilo 2.5 ya vijiti vya milimita 2.5 ina vijiti kati ya 120 na 150, na kila kimoja huwaka takribani dakika moja. Mimi hupanga vijiti 40 kwa mwanafunzi kabla hajagusa kazi ya kweli. Wanafunzi 12 watamaliza 480, yaani pakiti nne. Nunua E6013; ni rahisi kwa anayeanza na hupatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Mazoezi yafanyike kwenye flatibaa ya milimita 3. Bomba la mraba la geji 16, lenye unene wa milimita 1.5, litamtobokea mwanafunzi mpya kila mara, na atakata tamaa bila sababu. Umeme si mzigo: saa nzima ya moto wa ampea 80 hula uniti mbili na nusu hivi za LUKU. Lakini kwa mzigo huo soketi ya ampea 13 imefika ukingoni, hivyo weka kwenye bajeti fundi umeme wa kuvuta laini yake peke yake pamoja na swichi ya kukata.

Penye vifaa vya kinga ndipo shule nyingi hubana fedha, na hapo naomba zisibane. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, na maumivu huja usiku, saa kadhaa baadaye, mtoto akihisi mchanga machoni. Miwani ya jua wanayovaa baadhi ya mafundi mtaani haifai. Kioo cha kofia ya kuchomelea kiwe namba 10 au 11. Si lazima kila mwanafunzi awe na kofia yake. Wanafunzi wafanye kazi wawiliwawili kwa zamu, mmoja akichomelea na mwenzake akitazama. Kwa mashine moja kofia tatu zinatosha, ya tatu ya mwalimu. Glavu na aproni ziwe za ngozi. Mabomba yaliyopakwa zinki yakataliwe mlangoni, maana moshi wake huleta homa. Na moshi wa kuchomelea kwa ujumla umewekwa tangu 2017 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika kundi la visababishi vya saratani, kwa hiyo kazi ifanyike penye hewa.

Nani afundishe? Kuwapeleka wanafunzi wote 12 kwenye chuo cha ufundi cha VETA ni ada mara 12 pamoja na nauli, na ratiba ya shule haitaruhusu. Fundi wa mtaani anajua mkono wa kazi kuliko sisi walimu, lakini wengi walijifunza bila kinga na watafundisha hivyohivyo. Mpeleke mwalimu mmoja kozi fupi VETA, ulipe ada moja. Kisha mwalike fundi mzuri siku za Jumamosi, yeye aoneshe mkono, mwalimu asimamie kofia na glavu. Mwalimu huyo atafundisha darasa la mwaka ujao pia, na ada haitarudiwa.

Fedha zikipungua, punguza idadi ya wanafunzi hadi sita. Kofia usipunguze.