Old Moshi: Kanisa lililopandwa mara mbili

KANISA jipya mjini halihitaji mengi ili lianze. Turubai moja, viti vya plastiki vya kukodi, kipaza sauti na mhubiri mwenye sauti isiyochoka hutosha kuwakusanya watu katika kiwanja kitupu au darasa la shule lisilotumika siku ya Jumapili. Swali gumu huja baadaye: turubai likishakunjwa, ni nini kinachowafunga watu hao pamoja hadi Jumapili nyingine?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja mkoani Kilimanjaro, na mahali pa kulitazama vizuri ni Old Moshi, eneo la mlimani linalofikiwa kwa barabara ya kiasi cha kilomita kumi kutoka Kiboriloni, juu ya Manispaa ya Moshi. Huko kanisa lilipandwa mara mbili. Mara ya kwanza lilidumu miaka saba tu. Mara ya pili lilishika mizizi, na sababu za tofauti hiyo zinamhusu kila anayetafuta kiwanja cha kanisa Dar es Salaam, Arusha au Moshi yenyewe.

Jina la mahali linahitaji maelezo kidogo. Moshi ya awali ndiyo hii ya mlimani, makao ya Mangi Rindi na mwanawe Meli. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 iliishia tambarare, mji ukaota kuizunguka stesheni na kulichukua jina. Watu wa mlimani wakaachiwa neno la Kiingereza, Old, ambalo hadi leo hakuna aliyejisumbua kulitafsiri.

Mpando wa kwanza ulianzia barazani kwa mtawala. Rindi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara, alikuwa mwanasiasa hodari aliyejua kuwatumia wageni. Machi 1885 alitembelewa na Askofu James Hannington wa CMS, chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza, na mwaka huohuo wamisionari wa chama hicho wakaanza kazi katika himaya yake. Miaka minne baadaye, Rindi huyohuyo alituma wajumbe hadi Berlin. Alichokitaka kwa Waingereza na kwa Wajerumani hakikutofautiana sana: mafundi, silaha, na rafiki mwenye nguvu wa kumkinga na mahasimu wake, hasa Mangi Sina wa Kibosho. Mahubiri aliyavumilia.

Wamisionari hao, kwa maneno mengine, walikuwa wageni wa mangi kuliko walivyokuwa majirani wa watu wake. Usalama wao ulipanda na kushuka pamoja na siasa zake. Rindi alifariki mwaka 1891, Meli akashika nafasi yake. Juni 1892, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Albrecht von Bülow kilipanda kumwadhibu mangi huyo kijana, kikashindwa vibaya, na von Bülow mwenyewe akafa.

Wajerumani waliwatuhumu wamisionari Waingereza kuwa walimpatia Meli bunduki. Wao walikanusha, lakini haikusaidia. Mwaka huohuo walilazimika kukifunga kituo na kuhamia Taveta, upande wa pili wa mpaka. Mlezi wa kanisa alikuwa ikulu, na ikulu ilipotikisika hapakuwa na ukuta mwingine wa kuegemea.

Agosti 1893, Wajerumani walirudi na jeshi kubwa likiongozwa na Friedrich von Schele, wakamshinda Meli. Wiki chache baadaye walifika Walutheri wa Misheni ya Leipzig. Walianzia Machame mwaka huohuo, wakafungua kituo Mamba mwaka 1894, na mwaka 1896 wakafika Kidia, Old Moshi. Wakatoliki kwa wakati huo walikuwa wamekwisha kutangulia Kilema tangu mwaka 1891, kupitia mapadre wa Roho Mtakatifu.

Udongo wa Kidia haukuwa mwepesi. Machi 2, 1900, Meli alinyongwa hadharani Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, kwa amri ya watawala waliotoka nchi moja na wahubiri. Jeraha hilo halijapona. Wazawa wanadai hadi leo kichwa cha mangi kirudishwe kutoka Ujerumani. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba ulimtambua Akida, mshauri wa Meli, lakini fuvu la Meli halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Kanisa lililoonekana kuwa jirani wa boma peke yake lisingeweza kuvuka aibu hiyo. Lililovuka ni lile lililojifunza kusema kama wenyeji. Mungu alihubiriwa kwa jina la Ruwa, ambalo Wachagga walilitaja kabla misheni haijafika, na ibada ikasaliwa kwa Kichagga.

Aliyelisukuma jambo hilo mbali zaidi ni Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kupelekwa Old Moshi miaka minane baadaye. Ukiacha miaka aliyofukuzwa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, alikaa huko hadi mwaka 1938. Gutmann alikuwa msikilizaji kabla ya kuwa mhubiri. Aliwasikiliza wazee wakieleza sheria za urithi, ndoa na mipaka ya vihamba, akachapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachagga mwaka 1926. Baadaye aliyaandika mafundisho waliyopewa vijana wakati wa jando, yakajaza juzuu tatu.

Hoja yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Kwa maoni yake, mtu hafiki kanisani akiwa peke yake kama gunia lililoshushwa stesheni. Anafika akiwa mtoto wa ukoo fulani, jirani wa watu fulani, na mwenzi wa rika fulani. Vifungo hivyo vitatu, aliamini, vilikuwapo kwa mapenzi ya Muumba, na kazi ya kanisa ni kuvitia uhai mpya badala ya kuvikata na kuanza upya.

Usharika wa Old Moshi ukajengwa hivyo. Wazee wa mitaa walisimamia majirani waliozoea kuchimba na kusafisha pamoja mifereji ya kumwagilia migomba, ile ambayo wenyeji huiita mifongo. Mfongo hauchimbwi na mtu mmoja, wala hauvumilii jirani mvivu: anayeshindwa kusafisha kipande chake huwanyima maji wote walio chini yake. Vijana wa kipaimara nao waliunganishwa katika vikundi vidogo vya watu wawili au watatu, kwa mfano wa uwenza wa ngao uliojulikana katika jadi, ili wasaidiane na kuonyana katika maisha.

Kipimo kilikuja mapema. Mwaka 1920 utawala wa Waingereza uliwaondoa wamisionari Wajerumani, akiwamo Gutmann, na kazi ya kila siku mlimani ikabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa walimu na wazee Wachagga. Sharika hazikufa. Ilipotokea tena hali kama hiyo katika Vita ya Pili ya Dunia, wachungaji wazawa walikuwapo tayari. Mchungaji mzawa, Stefano Moshi, alikuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo la Kaskazini mwaka 1960, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, likazaliwa mwaka 1963. Miaka saba ya CMS ilifutwa na vita moja. Sharika za mlimani zilipita vita mbili kubwa.

Hata hivyo, si haki kumgeuza Gutmann kuwa mtakatifu wa mlima. Aliuogopa mji. Fedha, shule za Kiingereza na maisha ya tambarare aliyaona kama moto unaoteketeza vifungo vya jadi, wakati Wachagga wenyewe walikuwa wakilima kahawa na kutaka elimu kwa kasi ambayo yeye hakuipenda. Joseph Merinyo, mtoto wa Old Moshi, ndiye aliyeongoza chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925. Aidha, kanisa linalofungamana mno na ukoo lina hatari yake: mgeni asiye na ukoo mahali pale atakaa benchi gani?

Hapo ndipo mji unapoingia. Manispaa ya Moshi ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 220,000 mwaka 2022, na Dar es Salaam ikapita milioni 5.3. Katika nyumba moja ya kupanga wanaweza kuishi Mpare, Mhaya, Mmakonde na Mchagga, wakitumia bomba moja na choo kimoja. Ukoo wa kila mmoja uko mbali. Rika lake limetawanyika.

Makanisa ya siku nyingi yana njia yake ya kukabiliana na hali hiyo. KKKT huanza na familia chache zinazosali nyumbani kwa mmoja wao. Huwa mtaa chini ya usharika mama, ukihudumiwa na mwinjilisti, na ukipata watu, kiwanja na uwezo wa kujitegemea hupandishwa kuwa usharika wenye mchungaji wake. Wakatoliki huanza na kigango kinachokua kuwa parokia. Chini kabisa ziko jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa uzito katika miaka ya 1970 na ambazo Walutheri nao wanazo. Kimsingi huo ni ujirani wa Gutmann ulioshuka mlimani, ila ukoo umebaki juu.

Makanisa mengi mapya hufuata njia nyingine. Mhubiri mmoja hupata wafuasi, husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani chini ya Sheria ya Jumuiya, na watu humfuata kutoka kata zote za mji. Njia hiyo huwafikia wale ambao jumuiya hazikuwaona: mpangaji aliyehamia juzi, kijana wa bodaboda, mama anayefunga genge saa nne usiku. Udhaifu wake ni kwamba kila mmoja anamfahamu mhubiri, huku aliyeketi kiti cha pili hamfahamu.

Februari 1, 2020, watu 20 walipoteza maisha katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, waumini walipokuwa wakisukumana kwenda kukanyaga mafuta yaliyoelezwa kuwa ya upako. Sababu za msiba wa namna hiyo ni nyingi, na mpangilio wa milango ni mojawapo. Lakini umati wa wasiojuana hauna mzee wa mtaa wa kusema "tulieni, mpisheni mama huyu" na akasikilizwa.

Mji nao una mifongo yake, kwa anayetaka kuitazama. Kuna vikoba na upatu, vijiwe vya bodaboda, vyama vya kufa na kuzikana, na mabaraza ya wapangaji yanayogombana kila mwezi kuhusu bili ya umeme. Huko ndiko mtu wa mjini anakofahamika kwa jina na kudaiwa kwa jina. Waanzilishi wengi wa makanisa hutafuta kwanza kiwanja, wakavipita vikundi hivi njiani.

Kilele cha mtihani huu huonekana mtu anapofariki. Mchagga wa Dar es Salaam huombewa mjini, kisha jeneza hupakiwa kwenye basi kuelekea kihambani. Kule juu, kabla ya mchungaji au padri kupanga ratiba ya maziko, wazee huuliza swali lililozoeleka: marehemu alikuwa akisali jumuiya gani? Ndugu wasio na jibu hupiga simu mjini usiku kucha, wakimtafuta mtu yeyote aliyewahi kuketi naye.