Ardhi na Sheria (Sehemu ya 3): Miaka Iliyobaki Kwenye Hati ya Nyumba

Katika sehemu iliyopita tuliangalia zoezi la kusajili ardhi lililoenea Rwanda nzima kuanzia 2009 hadi 2013, na jinsi lilivyofika Rusizi. Leo nataka tusome sehemu ya hati ambayo wengi huiruka: ile inayotaja muda.

Mwambie mwenye nyumba wa Kamembe, hapa Rusizi, akuonyeshe karatasi za nyumba yake. Atakuonyesha namba ya kiwanja inayoanza na 3/06, jina lake na la mwenzi wake, na ukubwa wa eneo, kisha ataikunja hati na kuirudisha ndani. Kwake yeye mambo yameisha, kiwanja ni chake. Lakini alichokishika ni mkataba kati yake na Dola. Ni ukodishaji wa muda mrefu, ule unaoitwa kwa Kinyarwanda ubukode burambye. Unampa ruhusa ya kuuza, kurithisha, kutoa zawadi na kuweka rehani. Hizo ni karibu haki zote za mwenye mali, isipokuwa kwamba mkataba una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Wakati wa zoezi lile, lililosajili zaidi ya viwanja milioni 10, watu walibishana juu ya mipaka. Majirani walisimama kila mmoja upande wake, na mpimaji aliyefunzwa kwa kazi hiyo akachora mstari kwa kalamu juu ya picha iliyopigwa kutoka angani. Mwenye kiwanja akaondoka na stakabadhi yenye namba. Mstari ukisogea kidogo kuelekea mgomba wa mtu, kelele zilisikika mtaa mzima. Idadi ya miaka haikugombewa hivyo. Mashamba yaliandikiwa miaka 99, na nyumba nyingi za makazi za mjini zikaandikiwa 20. Fanya hesabu: hati ya miaka 20 iliyoanza 2012 inafika ukomo 2032, wakati watoto waliozaliwa mwaka ule ndio kwanza wanafikia umri wa kujenga.

Wa kwanza kuliona hili ni benki. Mtu anayetaka mkopo wa miaka 15 akiweka rehani nyumba ambayo hati yake imebakiza miaka sita anaiomba benki ikubali dhamana itakayokwisha kabla ya deni. Mnunuzi makini naye atauliza swali hilohilo na kushusha bei. Kuta ni zilezile, bati ni lilelile, lakini thamani imepungua kwa sababu ya tarehe.

Ndiyo maana naiona Sheria Na. 27/2021 ya tarehe 10 Juni 2021 kuwa hatua kubwa. Imeweka miaka 99 kwa Mnyarwanda, na muda huo unaweza kuongezwa. Ilistahili kuja. Nyumba ya matofali iliyojengwa kwa saruji ya hapahapa Bugarama inaishi zaidi ya miaka 20, na haikuwa haki mkataba wa ardhi ufe kabla ya ukuta.

Hata hivyo, usilale kwa kudhani kwamba kila kitu kimejirekebisha chenyewe. Tangu 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki, na kumbukumbu yenye nguvu ni ile iliyo kwenye daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Ardhi. Karatasi ya zamani iliyo kabatini huenda hailingani nayo. Nenda kwa afisa wa ardhi wa sekta yako ukiwa na namba ya kiwanja, umuulize daftari linasema mkataba unaisha lini. Kama tarehe iliyoandikwa iko karibu, omba mapema kuongezewa muda, ukiwa hujabanwa na mkopo wala mnunuzi. Lipa pia kodi zilizolimbikizwa, na mwende wote wawili mlioandikwa kwenye hati, mume na mke.

Wakenya wamelipata somo hili kwa taabu. Mikataba ya miaka 99 ya enzi za mkoloni ilikwisha moja baada ya nyingine, na Sheria ya Ardhi ya 2012 ikalazimika kutamka kwamba raia aliyekuwa akishikilia ardhi apewe nafasi ya kwanza, kisha kanuni za 2017 zikaeleza taratibu. Uingereza hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mwenye ardhi chini ya ghorofa mara nyingi ni mtu binafsi au kampuni, na bei ya kuongeza muda hupanda ukibakiza chini ya miaka 80. Bunge lao lilipitisha sheria 2024 ili muda uweze kuongezwa kwa miaka 990.

Maghorofa nayo yanaongezeka Kamembe. Sheria yetu ya 2010 inaruhusu jengo moja kuwa na wamiliki wengi, kila mmoja na chumba au ghorofa yake, huku ardhi ikiwa ya wote. Hapo tarehe ni moja kwa watu wote. Wa chini hawezi kujitengenezea muda wake akamwacha wa juu. Wamiliki wa jengo la namna hii waandike katika kanuni zao, tangu siku ya kwanza, ni nani atakayefuatilia mkataba wa kiwanja na gharama zitagawanywaje.

Sehemu ya 4, wiki ijayo: nyumba ambayo hati yake bado ina jina la marehemu.