Mrithi Hurithi Watu

Katika nchi ya Buganda, iliyo sehemu ya kati ya Uganda, baba wa nyumba akifa mahali pake hapaachwi patupu. Jamaa hukutana wakamchagua mtu wa kukaa hapo. Desturi hii nataka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, hasa ninyi mliotoka mbali, kwa sababu imefika nyumbani kwetu.

Siku za msiba jamaa huja na mchango uitwao amabugo. Zamani mchango huo ulikuwa mbugu zenyewe, yaani nguo za gome la mti wa mutuba, za kumzikia maiti. Siku hizi watu hutoa fedha, lakini jina limebaki lile lile. Usiku huwashwa moto uani, watu wakauzunguka, wafiwa wasiachwe peke yao.

Baada ya miezi kadha, au hata miaka, huja siku ya kuanua matanga, kwa Kiganda okwabya olumbe. Vibanda vya majani ya migomba hujengwa, na ngoma hupigwa usiku kucha. Kisha mrithi, aitwaye omusika, huvishwa mbugu na kupewa mkuki. Kando yake husimama msichana wa ukoo, aitwaye lubuga. Wazee humwonya mbele ya watu wote awatunze watoto na kuwapokea wageni. Tangu siku hiyo watoto wa marehemu humwita Baba, hata kama ni mdogo kwao.

Wengine hudhani kuwa mrithi huchukua mali yote. Sivyo. Kwa sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2022, mtu akifa bila wasia, akiacha mjane, watoto na wategemezi, watoto hupata sehemu 75 katika 100, mjane 20, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1 tu. Basi alichorithi hasa ni watu.

Baba yetu alipofariki, alichaguliwa kaka yangu wa pili, kwa kuwa katika desturi ya zamani mwana wa kwanza harithi. Huyo ndiye niliyekuwa nikigombania naye blanketi. Nilikataa kumwita Baba. Niliona kwamba nikimwita hivyo nitakuwa nimemzika baba yetu mara ya pili.

Muhula uliofuata nilishikwa na homa hapa shuleni. Kaka alipanda baiskeli alfajiri, akafika saa nne, vumbi mpaka kichwani, na chupa ya uji aliopika mama. Mwalimu akamwuliza, "Wewe ni nani wake?" Alinitazama, asijibu. Nikajibu mimi: "Ni baba."

Desturi hii haimrudishi aliyekufa, na mama bado hulia siku nyingine. Lakini inatuonyesha waliobaki. Wazee walisema: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Basi likizo ijayo, kabla hujanung'unika kwa kutumwa maji na kwa kelele za wadogo zako, wahesabu walio nyumbani mmoja mmoja. Ukimaliza, chukua ndoo uende kisimani. Hiyo nayo ni shukrani.